Aliyejikunyata Kona ya Nyuma

Dakika nane. Huo ndio muda ambao mgeni aliyefika kituoni kutafuta mbwa wa kufuga hukaa na mbwa mmoja kabla ya kuamua kumchukua au kumwacha. Hesabu hiyo ilipatikana Florida, Marekani. Watafiti wawili, Alexandra Protopopova na Clive Wynne, waliwafuatilia wageni wa kituo kimoja cha wanyama waliotelekezwa, wakaandika kila walichokiona, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wengi wa wageni hao waliomba kutolewa mbwa mmoja tu bandani. Na katika vitimbi vyote ambavyo mbwa angeweza kuonyesha ndani ya muda huo, vya kuruka, kubweka, kulamba mikono na kukimbilia mpira, mambo mawili tu ndiyo yaliyoonekana kugeuza uamuzi: mbwa aliyekuja kulala karibu na mgeni alikuwa na bahati ya kuchukuliwa, na mbwa aliyepuuza mwaliko wa kucheza aliachwa.

Sasa mfikirie, msikilizaji, mbwa mwoga ndani ya dakika nane hizo. Kulala karibu na mtu asiyemjua hawezi, na mpira ukirushwa mbele yake anauona kama jiwe. Atajikunyata kona ya nyuma, uso umeelekea ukutani, mkia umebanwa tumboni, na mgeni atakapochuchumaa na kumwita kwa sauti laini, yeye atatazama kando kana kwamba hajaitwa. Kufikia dakika ya tatu mgeni keshaanza kuchungulia banda la pili. Hana roho mbaya mgeni huyo. Amekuja kutafuta mwenza, na aliye ndani hajaonyesha hata dalili moja ya kumtaka.

Kwetu Afrika Mashariki mtihani una swali la ziada. Mtu anayefika kituo cha KSPCA kule Karen, Nairobi, au cha Mbwa Wa Africa, Usa River, nje ya Arusha, aghalabu ana ukuta nyumbani, ana geti, ana stoo iliyowahi kuvunjwa, na mbwa anayemtafuta ni wa kazi. Kabla hajauliza umri wala jinsia atauliza: "Huyu mkali?" Mbwa wetu wengi hupewa cheo kabla hawajafika kazini, ndiyo maana mitaa imejaa akina Simba, Chui na Komando. Ni vigumu kumwita Komando mbwa anayeingia chini ya meza pikipiki ikipita nje.

Hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu kuna wanaomchukua mwoga kwa matumaini kwamba mnyororo utamtia ukali. Na kweli utamtia. Mbwa aliyeshikwa na hofu hujaribu kwanza kukimbia, akishindwa, huuma. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa nyuma ya nyumba umemwondolea njia ya kwanza, umemwachia ya pili. Baada ya miezi michache mwenye mbwa atajisifu kwamba sasa amepata mlinzi, hadi siku mlinzi huyo atakapomuuma mtoto wa shangazi aliyekuja likizo, au fundi bomba, au yeye mwenyewe akiwa amevaa koti la mvua. Mwizi aliyezoea kazi yake hupita salama, maana mbwa anayebwekea paka, mvua na kivuli cha nguo kwenye kamba hakuna anayemwamkia usiku.

Je, hofu hii hutoka wapi? Watu wa vituoni huisikia kila siku kauli ya huruma: "Masikini, huyu alipigwa sana." Huenda. Lakini mara nyingi mbwa hakupigwa na yeyote. Hakukutana na watu tu, wakati alipopaswa kukutana nao.

Mwaka 1961 jarida la Science lilichapisha kazi ya Daniel Freedman na wenzake wawili, iliyofanyika katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine. Walichukua watoto wa mbwa na mama zao wakawaweka katika viwanja vilivyozungushiwa uzio mrefu, wakawa wanalishwa bila kuona binadamu. Kisha makundi ya watoto hao yaliingizwa ndani kwa zamu, kila kundi likiwa na umri wake, likakaa na kucheza na watu kwa wiki moja tu na kurudishwa uwanjani. Wengine hawakutolewa kabisa hadi wiki ya 14. Walioonja wiki moja ya watu wakiwa na umri wa wiki tano hadi tisa hivi waliwazoea binadamu bila shida kubwa. Wale wa mwisho walikuwa kama wanyama wa porini. Mmoja wao aliendelea kushikwa na kupapaswa kwa miezi kadhaa baadaye, na mabadiliko yake yakawa madogo. Hakuna aliyempiga. Mlango ulikuwa umeshaanza kufungwa, basi.

Mtoto wa mbwa koko huzitumia vipi wiki hizo za dhahabu? Huzitumia chini ya kontena, ndani ya kalavati, nyuma ya bucha, au katika nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe aliishiwa saruji. Mama yake ana sababu zake za kukimbia watu, na mtoto hujifunza kwa kumtazama. Binadamu wa kwanza kumkaribia huja na fagio au jiwe, na katika miji yetu kadhaa wapo wanaokumbuka pia kampeni za halmashauri za kupunguza mbwa kwa risasi na chambo cha sumu. Anapofika kituoni akiwa na miezi minane, ameshahitimu somo moja na amelifaulu vizuri sana.

Mwambao una habari yake. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtoto wa Mombasa au Unguja hufundishwa mapema kujiweka mbali, na mbwa wa mtaani naye hukua bila kuguswa. Wageni wanaofungua vituo pwani hulilalamikia sana jambo hili. Wangetulia kidogo. Dini hiyohiyo ina habari ya msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, akasamehewa dhambi. Na katika Sura ya al-Kahf yumo mbwa aliyelala mlangoni pa pango pamoja na wenyewe. Na ukitazama kwa jicho la mbwa mwoga, mtu anayeweka bakuli la chakula chini na kuondoka zake bila kumgusa amemtendea hisani kubwa kuliko yule anayemlazimisha kumkumbatia ili apigwe picha.

Kituo chenyewe, hata kikiwa kizuri, hakimsaidii mwoga. Sakafu ni ya saruji, mabati yanarudisha sauti, na mbwa mmoja akianza kubweka saa kumi na moja alfajiri wote wanaitikia. Michael Hennessy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika damu ya mbwa wa kituoni miaka ya 1990, wakakuta kiwango kiko juu sana katika siku tatu za mwanzo. Mwaka 2019 kikundi cha Lisa Gunter kilifanya jambo jepesi zaidi: mbwa wa vituo vitano vya Marekani walipelekwa kulala majumbani mwa watu kwa usiku mmoja au miwili, kisha wakarudishwa. Homoni ile ilishuka wakiwa nyumbani, ikapanda tena waliporudi, lakini haikupita pale ilipokuwa kabla ya safari. Maana yake usiku mmoja wa sebule na zulia ni mapumziko halisi, na hauachi deni.

Haya yangetosha kubadilisha jinsi vituo vyetu vinavyomtafutia mwoga nyumba. Kumweka bandani kusubiri mtu wa dakika nane ni kumweka kwenye mnada ambao hawezi kushinda. Anachohitaji ni mlezi wa muda: familia moja tulivu itakayokaa naye wiki kadhaa, impige picha akiwa amelala ubavu juani, na iweze kumwambia mgeni anayeuliza kwamba huyu hula saa ngapi, huogopa nini, na lini alitikisa mkia kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, kuna kazi ya bandani, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu wengi huifanya kinyume. Mhudumu anayeijua haingii kwa kishindo. Hufungua mlango, hupindua ndoo, huikalia kwa ubavu, mgongo nusu kwa mbwa, macho chini. Mfukoni ana dagaa wakavu. Hamwiti. Hunong'ona lolote linalomjia, bei za nyanya, matokeo ya mechi ya jana. Akirusha dagaa, hamvuti mbwa mbele nao. Huwarusha nyuma ya mbwa, upande wa ukuta. Hapo mwoga hupata zawadi mbili kwa mpigo, chakula na umbali, na akishameza hugeuka mwenyewe kuona kama kuna kingine. Kugeuka huko ndiko kunakotafutwa. Siku ya kwanza huenda hata hatakula hadi mtu atoke. Siku nyingine atakula mtu akiwepo. Siku nyingine pua itafika kwenye kiatu.

Akishakaribia, mkono hauendi kichwani. Kwa mbwa mgeni, mkono unaoshuka kutoka juu ni wa kipigo. Hupita chini, kidevuni au kifuani, ukune kidogo kisha usimame. Akisogea, endelea. Akilamba pua yake, akipiga miayo ilhali hana usingizi, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukijitokeza pembeni, amesema imetosha. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa wa Norway, aliifanya kazi ya maisha yake kuwafundisha watu kusoma ishara hizi ndogo, na anayezisoma hang'atwi ovyo. Mbwa hunguruma mwisho, baada ya kusema mengi ambayo hayakusikilizwa. Anayemchapa mbwa kwa kunguruma anamfundisha kuruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno.

Kisa mashuhuri kuliko vyote vya mbwa waoga kutafutiwa nyumba kilianza na mbwa waliodhaniwa kuwa majabari. Aprili 2007 polisi walivamia shamba la Michael Vick, nyota wa mpira wa Kimarekani, katika wilaya ya Surry, Virginia, wakakuta biashara ya kupiganisha mbwa. Vick alifungwa miezi 23 na akatakiwa kulipa zaidi ya dola 900,000 za matunzo ya wanyama hao. Waliochukuliwa walikuwa mbwa aina ya pit bull wapatao 50. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwaua wote. Yalikuwepo hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama yaliyoshauri hivyo, kwa hoja kwamba mbwa wa mapambano hatengenezeki. Mahakama ikakubali wachunguzwe mmoja mmoja.

Wachunguzi walioingia wakitegemea kukuta simba walikuta kitu kingine. Wengi hawakuwa wakali kwa watu. Walikuwa na hofu. Baadhi walilala chini kabisa, wamejibandika sakafuni kama chapati, hawatembei wala hawainui kichwa. Karibu wote walinusurika. 22 walipelekwa Kanab, Utah, kwa shirika la Best Friends. Wengine wakagawanywa kwa vikundi vidogo, kikiwemo BAD RAP cha Oakland, California, kilichowaingiza moja kwa moja majumbani. Mmoja wa mbwa hao wa Vick, jike aliyeitwa Jasmine, alichukuliwa na mama mmoja wa Maryland, na Desemba 2008 picha yake ikatoka katika jalada la gazeti la michezo la Sports Illustrated. Mwingine, Mel, alichukuliwa na mtangazaji wa redio wa Dallas; ilikuwa sadfa ya aina yake, mtu anayeishi kwa kusema kufuga mbwa asiyethubutu kubweka. Jonny Justice alifika mbali zaidi, akawa anakaa na watoto waliokuwa wakijifunza kusoma kwa sauti, wao wakimsomea yeye.

Katika visa hivyo kuna jambo linalojirudia ambalo wengi hulipita haraka. Mbwa wengi kati ya hao hawakufundishwa ujasiri na mtu. Walifundishwa na mbwa mwingine. Mwoga aliyegoma kuvuka kizingiti alivuka alipomwona mwenzake akivuka bila kudhurika. Shirika la ASPCA la Marekani limeliweka hilo katika utaratibu: lina kituo cha tiba ya hofu huko Weaverville, North Carolina, kilichofunguliwa mwaka 2018 baada ya majaribio ya miaka kadhaa New Jersey, na mbwa watulivu hutumika humo kuwaongoza waoga. Kati ya mbwa 441 waliopitia mpango huo, wengi wao kutoka kesi za ukatili na za watu waliorundika wanyama, asilimia 86 walihitimu. Kwa hiyo hofu hutibika, ila si kwa wote. Hao asilimia 14 nao ni sehemu ya habari, na mtu wa kituoni asiyekubali kuwataja hafai kuaminiwa kwa anachosema juu ya wengine.

Hapa jirani, Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna jambo ambalo Weaverville ingeweza kuja kujifunza. Vita vya jeshi la Joseph Kony, LRA, viliitesa nchi ya Waacholi kwa karibu miaka 20. Francis Okello Oloya alipofuka akiwa na umri wa miaka 12, bomu lililofukiwa ardhini lilipolipuka. Shuleni, katika bweni, mbwa waliokuwa wakizurura pale ndio waliomzoea na kufuatana naye gizani. Akakua, akasoma saikolojia, na katikati ya miaka ya 2010 akaanzisha mradi wa mbwa wa faraja chini ya The BIG FIX Uganda, shirika la tiba ya wanyama la mjini humo. Mbwa waliookotwa barabarani hutibiwa, huchanjwa, hufungwa kizazi, kisha kila mmoja hukutanishwa na mtu aliyenusurika vita: aliyetekwa utotoni, aliyekatwa kiungo, asiyelala kwa jinamizi. Wawili hao huhudhuria mafunzo pamoja kwa majuma, na wanaohitimu hutoka kuzungumza na wanakijiji na wanafunzi juu ya kutunza wanyama. Mamia ya watu wameshapita humo.

Angalia kinachofanyika. Mtu anayeshtuka kwa mlio wa sufuria iliyoanguka haoni ajabu mbwa akishtuka kwa mlio huohuo. Hana haraka naye. Haulizi kama ni mkali. Kwa mtu huyo, mbwa anayehitaji kusogelewa polepole ndiye saizi yake. Vituo vingi hutafuta nyumba iliyo tayari kumvumilia mwoga; Gulu walitafuta nyumba inayomhitaji. Na nyumba za namna hiyo si lazima ziwe za wahanga wa vita. Mstaafu anayeishi na mkewe Moshi na wanawe wako mjini, mwalimu mjane, mfanyakazi anayefanyia kazi nyumbani na havutiwi na kelele: hawa hawaji kituoni Jumamosi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuna mbwa wa sampuli yao.

Akishapata pa kwenda, yako mambo ambayo mwenyeji hawezi kuyakwepa. La kwanza ni geti. Mbwa mwoga hupotea katika siku za mwanzo, kabla hajajua kwamba hapo ni kwake, na hupotea kwa sababu askari alifungua kumpisha muuza maziwa. Kila anayeshika komeo, dada wa kazi, kijana wa bustani, watoto, aambiwe mapema. Atembezwe akiwa na mikanda miwili, wa shingoni na wa kifuani, maana wa shingoni akirudi kinyumenyume humvuka kichwa. Akitoroka asifukuzwe na mtaa mzima ukipiga mayowe. Atakimbia hadi asikojua. Kinachomrudisha ni chakula na nguo yenye jasho la mtu wake, vikiwekwa pale alipoonekana mwisho, na utulivu wa usiku.

Ndani apewe mahali pamoja padogo, pembe ya stoo au chini ya ngazi, na asitolewe humo kwa nguvu. Majirani wasialikwe kuja kumtazama. Wafanyakazi wa vituo vya ng'ambo wana kanuni ya kukumbuka: siku tatu za kupigwa na bumbuazi, wiki tatu za kuanza kuelewa ratiba, miezi mitatu ya kuona kwamba haondolewi. Si sayansi, na wapo wanaohitaji mwaka, lakini humzuia mtu kukata tamaa siku ya nne. Nyumba yenye mbwa mwingine mpole ina nusu ya dawa tayari. Nyumba yenye watoto wadogo watano na jenereta dirishani ichukue yule anayeruka kwenye wavu. Kwa waoga wa kupindukia, daktari wa mifugo anaweza kuandika dawa ya kupunguza wahaka, fluoksetini kwa mfano, na hakuna aibu katika hilo. Huo ni ugonjwa kama mwingine. Asiandikiwe na jirani.

Chakula si tatizo. Ugali wa dona, dagaa, utumbo uliochemshwa, maboga, maji safi. Mbwa wa kienyeji hana makuu. Chanjo ndiyo isiyo na mjadala. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, walio wengi Asia na Afrika, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na inakubalika kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa mahali, ugonjwa hukatika. Hapo uoga wa mbwa huacha kuwa shida ya mwenye mbwa peke yake. Siku ya chanjo ya bure katika uwanja wa shule ya msingi, wanaofika ni mbwa wanaoshikika. Asiyewahi kufungwa kamba hubaki nyumbani, au hukimbilia mahindini, na ndiye huyohuyo atakayeng'ata akibanwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Wapo watakaouliza: kwa nini nguvu yote hii kwa mbwa mmoja asiyemtaka mtu, wakati mabanda yamejaa wanaotaka? Swali ni la haki, hasa katika kituo kinachohesabu magunia ya unga. Jibu ni la hesabu pia. Mwoga akibaki, hukalia banda kwa mwaka na zaidi, na katika muda huo wachangamfu kadhaa wangepita humohumo kwenda majumbani. Akitolewa kwa mlezi wa muda tangu wiki ya kwanza, banda linabaki kwa wanaojua kujiuza wenyewe.

Kinachoudhi ni vituo vinavyopunguza msongamano kwa kusema uongo. "Ana haya kidogo, atazoea." Familia inampeleka nyumbani, inasubiri wiki mbili atikise mkia, haioni mkia, na mbwa anarudishwa akiwa na hofu zaidi ya aliyokwenda nayo. Afadhali mtu aambiwe wazi: huyu hatakuja mlangoni kukulaki kabla ya Krismasi, huenda hatapenda wageni maisha yake yote, na nyumba yako kwanza tutakuja kuiona. Wengi wataondoka. Atakayebaki amechagua akijua.

Na atie saini karatasi yenye sharti moja kabla ya mengine yote: ikishindikana, kwa sababu yoyote ile, kuhama, uzazi, mwenye nyumba kukataa, mbwa anarudi kituoni alikotoka. Hapewi jamaa wa shamba, hauzwi kwa mlinzi wa jirani. Kituo nacho kinapiga simu baada ya siku tatu, baada ya wiki tatu na baada ya miezi mitatu, na sauti ya mwenye mbwa ikisikika kuwa na wasiwasi, mtu anapanda matatu au daladala kwenda kuona kwa macho yake, akiwa na dagaa mfukoni.